Mlio wa Dramu ya Sita

Hakuna chuma kilichowahi kunidanganya, na hakuna siku lori letu lilitoka uani bila mimi kuzigonga dramu zake zote sita. Ulizeni mtaa mzima. Waliniita Sikio, si kwa ukubwa wa masikio yangu kama wanavyodai wenye wivu, bali kwa kazi niliyoifanya kila asubuhi kabla ya kwenda shule, nilipokuwa darasa la sita.

Lori lilikuwa la baba. Lilizaliwa kabla yangu, na kila asubuhi lilikohoa kama mzee aliyeambiwa aache sigara akaacha kusikiliza. Breki zake zilikuwa za upepo, za mtindo wa zamani. Ndani ya kila gurudumu mlikuwa na dramu, yaani chungu kizito cha chuma kinachozunguka pamoja na gurudumu. Dereva akikanyaga breki, upepo unasukuma shuu mbili zilizopinda kama mwezi mchanga, zinaibana dramu kwa ndani, gari linapunguza mwendo. Dramu ikipasuka, shuu hazina cha kubana.

Wanaonunua vyungu sokoni wanajua siri hii: chungu kizima ukikigonga kwa kidole kinalia, chenye ufa kinanuna. Dramu nayo ni hivyo hivyo. Ikiwa nzima inaimba, ngriii, mpaka meno yanawasha. Ikiwa na ufa inasema ko, basi.

Kwa kuwa nilikuwa mwembamba kuliko wote nyumbani, kazi ya kupenya chini ya lori na nyundo ndogo ilikuwa yangu. Utingo wa baba alitia kabari mbele na nyuma ya magurudumu, vile vipande vya mti vilivyochongwa upande mmoja, ili gari lisitembee likaniacha bapa kama stempu ya posta. Baba alikaa kwenye usukani, injini imezimwa, breki ameiachia ili shuu zisizibe mlio. Nikigonga, anahesabu kwa sauti. Akifika mwisho anasema, "Sita. Asante, mama." Ndipo anawasha injini. Kwetu hiyo ilikuwa kama dua ya safari. Haondoki mtu bila sita.

Utingo huyo tulimwita Kabari. Alikuwa na kabari moja ya mti mgumu aliyoipenda kupita kiasi. Safarini aliilalia kama mto. Hatukuwa wa damu moja, lakini nilimwita baba mdogo, naye alinivumilia utani wangu wote.

"Baba mdogo," nilimwambia siku moja, "ukifa tutakuzika na gogo lako."

"Nizikeni na wewe," akanijibu, "maana gogo haliongei, na mimi sipendi upweke."

Tukacheka hadi baba akapiga honi. Kama utani ungekuwa unarudishwa dukani, ule ningeurudisha.

Mimi na binti yake Kabari tulisoma darasa moja. Yeye jina lake lilikuwa Kengele, kwa sababu ndiye aliyeipiga kengele ya shule. Na kengele yenyewe mnadhani ilikuwa nini? Dramu kuukuu ya lori. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi wa breki mwenye karakana mwisho wa ua wetu. Ndiye aliyeitoa dramu ile, na Kabari akaitundika kwenye nguzo mbili mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Kengele aliigonga kwa kipande cha nondo: mara sita kwa kwenda mstarini, mara sita tena kwa kuingia darasani. Asipofika, shule haijaanza. Ndiyo maana mwenzangu huyo hakuwahi kutembea. Alikuwa akikimbia tu kwa adabu.

Wiki moja kabla ya siku ninayotaka kuwasimulia, Mjomba alitoka chini ya lori mikono myeusi, akamwambia baba, "Shemeji, hii dramu ya sita nimeichonga mara ya mwisho. Imechongwa mara nyingi mno, imebaki nyembamba. Mpya nimeagiza. Lakini mpaka ifike, siku ikisema ko, gari halitoki. Hata kama umebeba mahari ya mwanao."

Kisha akanigeukia. "Sikio, umesikia?"

"Nimesikia, Mjomba. Ningekuwa sisikii ningeitwa Pua."

Jumatatu iliyofuata ilikuwa siku ya ukaguzi wa usafi shuleni. Shangazi alikuwa ameniletea soksi mpya, nyeupe, ndefu hadi magotini. Wiki nzima nilikuwa nimewatangazia wenzangu kwamba Jumatatu wavae miwani ya jua. Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi, chini ya gurudumu la nyuma kushoto, ndilo la sita, palikuwa na dimbwi la maji yaliyochanganyika na oili, linang'aa rangi zote za upinde wa mvua. Zuri kulitazama. Si zuri kulilalia.

Kengele alikuja kama kawaida, amemletea baba yake chakula cha safari, akasimama getini kunisubiri.

"Wewe, fanya haraka! Leo kuna ukaguzi. Nikichelewa kengele ataipiga nani, mbuzi?"

"Shika mkoba wangu kwanza," nikamwambia. "Dakika mbili tu."

Nikapenya upande mkavu. Moja, ngriii. Mbili. Tatu. Nne. Tano, ngriii. Baba alikuwa akihesabu juu huko. Nikatazama dimbwi. Nikatazama soksi.

"Mbona kimya, mama?" baba akauliza.

"Twende, jamani!" Kengele akaita.

Nikarudi nyuma hatua moja ya kiwiko, nikaigonga tena dramu ya tano. Ikaimba vizuri kabisa, kama ilivyoimba mara ya kwanza. Haikuwa na sababu ya kutoimba.

"Sita," baba akasema. "Asante, mama."

Nilipotoka nikijikung'uta, Kabari alikuwa upande wa pili akizing'oa kabari zake. Alizitazama soksi zangu, akavua kofia kwa heshima.

"Leo unatembea au unapaa?" akaniuliza.

"Napaa, baba mdogo."

"Basi utusalimie malaika."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Tuliwahi shuleni. Soksi zangu zilisifiwa mbele ya mstari.

Kabla ya saa sita mchana mwalimu mkuu aliingia darasani bila kubisha hodi, akatuita sisi wawili. Alimshika Kengele begani. Mimi hakunishika. Hapo nikajua ni baba wa nani.

Habari yenyewe niliipata kwa baba mwenyewe, kipande kipande, siku nyingi baadaye. Walikuwa wamebeba saruji. Katika mteremko mrefu wenye kona tatu, baba alikanyaga breki akasikia mlipuko nyuma, kama mtu amevunja mtungi. Dramu ya sita ilikuwa imepasuka vipande. Shuu zikaruka nje, na kile kifaa kinachozisukuma kikang'oka pamoja na mpira wake wa upepo. Katika lori la zamani kama letu upepo wote unatoka kwenye tangi moja na kupita njia moja. Ukitoboka mahali pamoja, umetoboka kote. Ukatoka kwa mluzi, na breki zote zikafa.

Baba alishusha gia, akaikata kona ya tatu, akalielekeza lori kwenye kilima cha kifusi kando ya barabara. Lori likakipanda, likasimama. Kisha likaanza kurudi nyuma. Chini huko barabarani palikuwa na watu wamesimama na mizigo yao wakisubiri usafiri, na baba miguuni hana breki hata ya baiskeli.

Kabari hakungoja kuambiwa. Aliruka chini na kabari yake ya mti mgumu, akaitia nyuma ya gurudumu. Ikateleza. Akaitia tena.

"Kabari ilishika," baba aliniambia. "Lori lilisimama, mama. Hakuguswa mtu hata mmoja kule chini. Lakini kabla ya kusimama, lilikuwa limeshampitia yeye."

Tulimzika kesho yake. Watu walikuwa wengi, hata wale waliokuwa wakisubiri usafiri walikuja, na mmoja wao alikuwa amebeba mtoto mgongoni. Mama yake Kengele aliketi chini, kabari ile ya mti mapajani, akiipangusa vumbi kwa upande wa kanga kana kwamba ina homa. Mimi nilikuwa nimevaa soksi nyeupe. Zilikuwa bado safi.

Kwa siku tatu shuleni kwetu mwalimu mkuu alituita mstarini kwa sauti yake mwenyewe, na hakuna aliyetamani kuipiga kengele. Siku ya nne Kengele akaja. Alikuwa amekonda usoni. Akaokota nondo, akagonga mara sita, akaenda kusimama kwenye mstari wake. Dramu iliimba ngriii, ngriii, nami nikajifanya nakuna masikio.

Hakuniuliza kitu. Aliketi na mimi dawati moja kama zamani, aliniazima rula kama zamani. Ila hakucheka tena nilipotania, na mimi nikawa natania zaidi, kama mtu anayepuliza moto uliokwisha kuzimika.

Mkaguzi wa magari alikuja nyumbani kumhoji baba. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango.

"Gari lilikaguliwa kabla ya safari?"

"Lilikaguliwa," baba alisema. "Dramu ziligongwa sita. Nilizihesabu mwenyewe. Zote zililia."

Mtu akisikia hivyo atafikiri nini? Kwamba asubuhi dramu ilikuwa nzima, ikapasuka ghafla barabarani, na dramu ya kupasuka ghafla ni dramu mbovu. Aliyeichonga hadi ikawa nyembamba ni nani? Aliyeifunga ni nani? Maneno yalianza kisimani, yakafika sokoni, yakarudi yameota miguu. Walisema fundi alibania chuma akamwua mwenzake. Madereva wakaacha kuleta magari. Mama yake Kengele, ambaye Mjomba alimwita dada miaka yote, akawa akipita mbele ya karakana akitazama upande wa pili. Mjomba aliketi kwenye kiti chake kilichotengenezwa kwa gurudumu, akizing'arisha spana zisizo na kazi. Chakula alichopelekewa na mama kilirudi kama kilivyokwenda.

Jioni moja akaniita.

"Sikio, njoo uone."

Mezani alikuwa amepanga vipande vya dramu ya sita. Aliviunganisha kama anayeunga kikombe kilichovunjika, akawasha taa.

"Tazama mahali ilipovunjika. Upande huu kuna nini?"

"Kutu."

"Na huu?"

"Peupe. Panang'aa."

"Panapong'aa pamevunjika siku ile barabarani. Penye kutu palikuwa pameshapasuka kabla. Kutu haioti kwa safari ya saa moja, mama. Ufa ulikuwepo. Dramu hii asubuhi ile isingeweza kuimba." Alizima taa. Kisha akauliza polepole, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma, "Wewe ulisikia nini?"

Ukweli ulikuwa umefika hadi kooni. Nilipoufungua mdomo ukatoka uongo, lakini uongo uliopigwa pasi.

"Labda nilisikia vibaya, Mjomba. Matone ya mvua yalikuwa yakidondoka kwenye bati. Labda ilisema ko, mimi nikasikia vingine."

Mjomba alifumba macho. Kisha akanikumbatia. Mimi nilitaka anipige.

Mambo yakaenda haraka baada ya hapo. Mjomba alinipeleka kwa baba, kisha sote watatu tukaenda kwa mama yake Kengele na vipande vile vya chuma vimefungwa kwenye kitambaa. Nilisema tena maneno yale yale: labda nilisikia vibaya. Mama yake Kengele alinipangusa machozi kwa kanga ile ile. Alimwambia Mjomba, "Kaka, nisamehe." Kengele alikuwa amesimama mlangoni akinitazama.

"Kosa ni langu mimi mtu mzima," baba alisema tulipokuwa tukirudi. "Nilizining'iniza roho za watu kwenye sikio la mtoto, nikajiona dereva makini."

Tangu siku hiyo aliapa lori lile halitembei tena na breki za zamani. Liliegeshwa miezi miwili mbele ya karakana. Mjomba alipata usingizi wake na kelele zake. Madereva walirudi mmoja mmoja wakijikuna vichwa, wengine walikuja kuomba radhi na wakabaki kusaidia kufungua nati. Zile dramu kuukuu zote ziling'olewa, zikafungwa mpya, pana na nene. Upepo ukagawanywa njia mbili, ya mbele na tangi lake, ya nyuma na tangi lake, ili moja ikitoboka nyingine ibaki hai. Na kwenye magurudumu ya nyuma Mjomba akafunga springi kali ambazo upepo ndio unazizuia.

"Zamani upepo ukiisha, breki zilikufa," alinieleza, akikaza nati ya mwisho. "Sasa upepo ukiisha, springi zinaachiliwa na breki zinabana zenyewe. Gari linasimama bila mtu kuruka na kabari."

Aliposema hivyo alitazama pembeni. Baba naye alikuwa ametazama pembeni.

Mwalimu mkuu aliposikia, alimwalika Mjomba aje kuzungumza nasi mstarini. Baba alikuja pia, amevaa shati la safari. Mjomba hakuwa mtu wa hotuba. Alisimama chini ya kengele, amekishika kipande cha dramu ya sita, akikigeuzageuza.

"Watoto wangu," alisema, "mimi sijui vitabu, najua breki. Lori letu lilikuwa na kosa moja: tulilitegemea jambo moja tu. Njia moja ya upepo, sikio moja la kusikiliza. Binadamu anakosea, kwa hiyo kazi yenye roho za watu ndani yake haiachiwi mtu mmoja wala njia moja. Sasa pale kwetu dramu zinagongwa na wawili, tena kila mwezi zinapimwa unene. Hilo la kwanza. La pili, tazameni kipande hiki. Ufa si aibu. Kila chuma kinapata ufa. Kinachoua ni ufa uliofichwa, ukaachwa uendelee kula ndani huku nje panang'aa. Anayekosea akasema, tutatengeneza pamoja naye. Anayenyamaza anatuachia tuendelee kushuka mteremko."

Akanitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa fahari.

"Mpwa wangu huyu alikosea kusikia. Lakini alikuja akasema, na kwa kusema kwake mimi nikarudishiwa jina langu. Mpigieni makofi."

Shule nzima ikapiga makofi. Mwalimu mkuu alipiga. Baba alipiga, taratibu, akinitikisia kichwa. Nilisimama mbele yao nikitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa zito kuliko mfuko wa saruji.

"Haya, darasani," mwalimu mkuu akasema. "Kengele!"

Kengele akatoka kwenye mstari, akaokota nondo. Moja. Mbili. Tatu. Watoto walikuwa tayari wamegeuka, wakisukumana kama kawaida. Nne. Tano.

Akaacha.

Mlio wa tano uliendelea kuimba hewani, ukapungua, ukaisha. Watoto waliokuwa wakisukumana wakasimama. Mtoto yeyote wa shule ile, hata wa darasa la kwanza, alijua ni sita.

Kengele alikuja mpaka mbele yangu. Hakukasirika. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini uwanja ulikuwa kimya kiasi cha kila mtu kusikia.

"Siku ile nilikuwa nimekushikia mkoba," alisema. "Nilikuwa naona miguu yako. Ya tano uligonga mara mbili."

Nilitafuta utani. Nilitafuta hata mmoja mdogo.

"Mimi nilikuharakisha," akaendelea. "Hilo nimeshamwambia mama. Langu nimelibeba. Nimekusubiri wewe ubebe lako."

Akanyoosha mkono, akanipa nondo.

"Ya sita hujaigonga, Sikio."

Baba alikuwa bado amekutanisha viganja vyake, kama mtu aliyesahau kwamba alikuwa akipiga makofi. Mjomba alikitazama kipande cha chuma mkononi mwake, upande wenye kutu, kisha akaniangalia mimi.

"Ya sita ipi, mama?" akauliza.